Kiti cha Kushoto

Juzi mwenzangu wa kazini aliniambia anauza gari lake, gari la heshima, nami nikasema ngoja nilipeleleze kwanza kabla sijajitia kitanzi. Jioni nikaketi barazani kwangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, chai pembeni, simu mkononi, nikaanza kusoma wenye magari kama hilo wanasema nini. Rafiki yangu, watu wana maneno! Mmoja anasifu milango, eti inafunga kwa adabu. Mwingine analia kwamba tumbo la gari liko chini mno, kila tuta la barabarani kwake ni msiba. Mwingine taa ya njano imewaka mbele yake na hajapata fundi wa kumwambia inataka nini. Nikawa nacheka peke yangu, maana malalamiko hayo yote niliyasikia utotoni kwa sauti ya baba. Kisha nikamfikia mama mmoja aliyeandika kwamba anachokipenda kuliko vyote ni viti vinavyopata moto, kwa sababu vinamtuliza mgongo. Kicheko kikanikauka. Niliweka simu chini nikalia mpaka chai ikapoa.

Sisi ni watu wa Laare, kule juu kwenye vilima vya Nyambene, ambako miraa ndiyo karo ya shule, ndiyo mabati, ndiyo harusi. Baba alikuwa mnunuzi. Alfajiri alizunguka mashambani na pikapu yake, akarudi nayo imejaa, na uani kwetu akina mama na vijana walikuwa wamekwisha kuketi kwenye magunia wakichambua, wakifunga mabunda kwa majani ya mgomba. Ilikuwa kazi ya mbio, kwa sababu miraa ikilala si miraa tena. Mpaka leo nikinusa jani la mgomba lililolowa nasikia njaa, kwani mzigo ukishaondoka ndipo mama alipotuita jikoni kunywa uji mchachu na kumaliza mukimo wa jana, viazi vilivyopondwa na mahindi, uliokaangwa kidogo ukashika ganda chini. Ganda hilo tulipigania kama mali ya urithi.

Mama alikuwa na mgongo. Ndivyo tulivyosema kwetu, "ana mgongo", na kila mtu akaelewa. Wanawake wa vilima vyetu hubeba kuni na maji mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na mama alianza kubeba hivyo kabla hajaota meno yote ya ukubwani. Nyanya, mama yake baba, alikuwa na msemo wake: "Mgongo usiouma haujalea mtu." Ukimwambia mgongo unakuuma alikutazama kana kwamba umemletea habari kuwa jua limechomoza. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mama alijikanda kwa maji moto, akajikaza leso kiunoni, akaenda zake shambani.

Kilichomshinda mama ni pikapu. Njia ya kutoka kwetu hadi sokoni ilikuwa mawe matupu wakati wa kiangazi na matope matupu wakati wa mvua, na kila shimo mama alitoa sauti. "Uui!" Si kwa nguvu, lakini baba aliisikia. Alikuwa mtu mkali, wakulima walimwogopa kwenye bei, ila sauti hiyo ilimmaliza. Siku moja aliisimamisha pikapu katikati ya njia, magari ya miraa yakipiga honi nyuma yake, akamgeukia mama. "Mama watoto, nitakutafutia gari itakubeba kama yai." Mama akacheka. Akamwambia aondoe pikapu njiani kwanza kabla hawajatukanwa.

Msimu uliofuata miraa ikapata bei. Baba akauza pikapu, akashuka Nairobi, akarudi na gari refu jeusi la Kijerumani, la aina ile wanayoendeshewa mabwana wakubwa wameketi nyuma wakisoma magazeti. Halikuwa jipya, lakini liling'aa mpaka kuku wakajiona mlangoni wakaanza kupigana na vivuli vyao. Kijiji chote kilikuja. Jirani yetu, dereva mstaafu wa lori, alilizunguka mikono nyuma, akachuchumaa, akapima kwa kiganja nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi. "Hii ni gari ya lami," akasema. "Huku kwetu, wewe ndio utaibeba." Nyanya naye aliuliza swali moja tu: "Na mzigo mtaweka wapi?"

Hapakuwa na pa kuweka mzigo, na hata kama pangekuwapo baba asingekubali. Alipiga marufuku miraa ndani ya gari lile, hata jani. Mnunuzi wa miraa! Akawa anakodi pikapu za watu, wenzake sokoni wakimcheka hadi machozi.

Basi baba akaanza maisha ya kulalamika. Gari linakunywa petroli kama mjomba wa bibi harusi. Gari limegonga jiwe lile lile la jana, ingawa amelikwepa. Fundi wa mjini Maua amefungua boneti, akatazama ndani kwa heshima, akafunga tena polepole, akasema pole. Dirisha la nyuma limeshuka na limekataa kupanda, na mvua hiyo inakuja. Tukaliziba kwa gunia, gari la mabwana na gunia dirishani, tukaenda nalo kanisani hivyo hivyo. Taa ya njano imewaka. Taa ya njano imezima yenyewe, na hilo nalo lilimtia wasiwasi. Kila jioni alisimama uani mikono kiunoni akalisema gari kama mtu anavyomsema mkwe, na kila jioni alilifuta kwa kitambaa mpaka magurudumu.

Sisi watoto tulilipenda bila masharti. Milango yake ilifunga kwa sauti nzito, "dup", tukawa tunaifungua na kuifunga mpaka tunafukuzwa. Ndani palikuwa kimya. Mvua ya Nyambene, ile inayopiga mabati mpaka mwalimu anaacha kufundisha, ndani ya gari lile ilikuwa mnong'ono. Mama alisema ndipo mahali pekee alipowahi kusikia mawazo yake mwenyewe.

Na kulikuwa na kitufe. Kilikuwa na picha ya kiti na mistari ya mvuke ikipanda. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyejua ni cha nini, mpaka asubuhi moja ya Julai, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, kaka yangu akakibonyeza kwa utundu. Mama alikuwa ameketi kushoto, mahali pake. Baada ya muda akanyamaza katikati ya sentensi. Akafumba macho. Baba akashtuka, "Ni nini?" Mama akasema, "Nyamaza kidogo, baba watoto. Mgongo umeniacha."

Tangu siku hiyo baba hakujuta tena. Alilalamika, naam, lakini kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Kila Jumapili baada ya ibada alimweka mama kwenye kiti cha kushoto, akabonyeza kitufe, tukashuka taratibu mpaka Maua na kurudi, sisi watoto nyuma tukilamba mikono iliyojaa mafuta ya mandazi. Mama alijiachilia, kitambaa kimemteleza kichwani, akaimba kidogo nyimbo za kanisani. Baadaye ikawa na siku za katikati ya wiki. Mama akirudi shambani amejikunja, baba aliwasha gari pale pale uani, bila safari, mama akaketi ndani akichambua maharage kwenye ungo huku kiti kikimchoma taratibu. Majirani wakawa wanasema, "Mume wake amemnunulia dawa yenye magurudumu." Wanawake wengine waliomba kukalia kidogo, na mama aliwapa zamu. Hata nyanya aliketi siku moja. Alitoka akasema gari si baya.

Njia ya Maua inapita mbele ya hospitali. Tulilipita lango lile kila Jumapili, polepole, vioo vimefungwa, mama akiimba. Hakuna aliyewaza kusimama. Tusimamie nini? Mgongo ulikuwa umetulia.

Mama alianza kupungua. Leso ikawa inamzunguka mara mbili. Nyanya alisema ni kazi, jirani akasema ni baridi, baba akaongeza safari. Jioni nyingine nilimwona mama akiomba kitufe kipandishwe hadi mwisho, kiti kikawa cha kuunguza, naye anasema, "Hapo, hapo ndipo kwenyewe."

Kisha msimu wa mvua ndefu kiti kikafa. Fundi akapapasa chini, akasema waya za ndani zimekatika, kifaa chake hakipatikani huku. Ndani ya siku chache tukamsikia mama jinsi tulivyokuwa hatujamsikia tangu enzi za pikapu. Uui. Uui. Akiwa kitandani, hajatikiswa na mtu.

Na baba, rafiki yangu, baba alifanya nini? Alikimbilia Nairobi kutafuta kile kifaa. Sikwambii haya ili umhukumu. Alimpenda mke wake, na alijua kitu kimoja tu kilichowahi kumponya. Alizunguka maduka ya vipuri huko, akarudi na kitu chembamba kimefungwa kwenye karatasi, amekikumbatia kifuani kisilowe, uso wake umejaa furaha. Sijawahi kuona mtu mzima mwenye furaha kama ile. Fundi alishinda chini ya kiti mchana mzima. Alipomaliza, baba alimbeba mama kutoka chumbani kwa mikono yake, akamketisha kushoto, akamfunika blanketi, akabonyeza.

Tukasimama pale mvuani tukimtazama.

"Haijawaka," mama akasema.

Baba akapitisha mkono nyuma ya mgongo wake, akautoa haraka. Kiti kilikuwa cha moto. Nami niliingiza wangu, nikaungua. "Imewaka, mama watoto," baba akasema. "Ngoja kidogo tu." Mama akangoja, maana alikuwa mtu wa kungoja. Akatutazama mmoja mmoja kama anayeomba radhi. "Bado ni baridi," akasema.

Hapo ndipo jirani alipomshika baba bega. "Hospitali," akamwambia. "Sasa hivi." Gari lilizama kwenye matope chini ya kanisa, na kama alivyotabiri jirani, watu walilibeba, karibu kijiji kizima, wakilisukuma na kuliinua kwa mikono, mama akiwa ndani. Maua wakampima, wakatutuma Embu.

Daktari wa Embu alikuwa kijana mpole. Alimuuliza baba maumivu yalianza lini. "Zamani," baba akasema. "Lakini tulikuwa tunamtuliza."

"Kwa dawa gani, mzee?"

Baba aliitazama kofia yake mikononi. "Kwa gari," akasema.

Daktari hakucheka. Alieleza taratibu kwamba ugonjwa ulianzia mahali pengine, ukaingia mifupa ya mgongo, na umekaa humo kitambo mpaka umebana mishipa ya kuhisi moto na baridi. Kwamba joto linatuliza maumivu lakini haliondoi kinacholeta maumivu. Hakumlaumu baba hata kwa neno moja. Nadhani ingekuwa afadhali amlaumu.

Mama hakuiona miraa ya msimu uliofuata. Tulimzika shambani, karibu na migomba. Wageni walipokwisha kuondoka, baba aliniambia jambo ambalo hadi leo linanichoma. "Ningebaki na pikapu, angelia kila siku. Angelia, ningempeleka hospitali." Nilikuwa msichana wa shule, nikaenda kumletea chai.

Gari lilikaa uani muda mrefu, kuku wakalala juu yake, na baba hakuwafukuza. Hatimaye akaja mnunuzi, Mwislamu mmoja mwenye magari ya usafirishaji Maua, mtu muungwana. Akasalimia, akalizunguka, akafungua na kufunga milango. Akamuuliza baba lile swali ambalo kila mnunuzi huuliza: "Sasa mzee, niambie ukweli. Ina shida gani?"

Nikangoja aanze. Petroli, tumbo, dirisha, taa ya njano, alikuwa na maneno ya kutosha kumfukuza mnunuzi yeyote. Baba akapitisha kiganja juu ya boneti.

"Haina shida," akasema. "Ni gari nzuri." Kisha akaja karibu na dirisha la kushoto. "Lakini mtu wako akikuambia mgongo unamuuma, usimwashie hiki kiti. Mpeleke hospitali kwanza."

Yule bwana alitabasamu akidhani ni utani wa wazee. Akautazama uso wa baba, tabasamu likamtoka. "Nimesikia, mzee wangu," akasema. "Wallahi nimesikia."

Siku hizi njia ya kwetu ni lami. Maji ni ya mfereji, na akina mama wa rika langu hawana alama ya kamba kwenye paji la uso. Nyanya amekwenda, jirani naye amekwenda, na uani petu hapafungwi tena miraa, hata ukiingia mchana unasikia nyayo zako. Baba anaishi pale peke yake. Hataki kuja kwangu Embu. Nampigia simu kila Jumapili, naye hajalalamika juu ya kitu chochote tangu siku ile gari lilipotoka langoni. Namchokoza. Namuuliza habari ya bei, ya mvua, ya serikali, ya simu yake mbovu, nikitamani anung'unike kidogo tu, nimsikie baba yangu.

"Ni sawa," ananiambia. "Kila kitu ni sawa, mwanangu."