Upande wa Kushoto wa Baba

Ko, ko. Kisha kimya.

Juzi nilikuwa natandika vitanda katika hoteli ninayofanyia kazi hapa Ras Kitau. Mafundi walikuwa wakiongeza chumba upande wa nyuma, na mmoja wao akagonga jiwe mara mbili, akanyamaza. Shuka likaniponyoka. Nikasimama kama mtu aliyeitwa jina, nikingoja pigo la tatu ambalo nilijua haliji. Mlio ule naujua kuliko wimbo wowote. Ulikuwa mlio wa baba yangu.

Mimi ni mtoto wa Maweni, kisiwa hiki hiki cha Manda, kwenye timbo la mawe. Wazazi wetu walitoka bara kuja kukata mawe yanayojenga nyumba za Lamu, na kijiji chetu kilikuwa vumbi jeupe, mwamba, na mitungi ya maji yaliyovushwa kwa boti. Ukitoka shule uliwasikia wanaume kule shimoni, sururu zikidunda kokokoko bila kupumua, kila mtu akikimbiza mawe yake. Baba peke yake ndiye aliyegonga mbili akanyamaza. Wenzake walimtania, "Mzee, umelala?" Mama alisema anamwomba Mungu ruhusa kwa kila jiwe. Siku moja nilipompelekea uji, mwenyewe akaniambia, "Jiwe huongea kabla halijaanguka, Yunia. Ila haliwezi kukatiza kelele zako. Lazima unyamaze kwanza." Nikacheka. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua vizuri kwamba mawe hayaongei.

Mwaka huo likaongea.

Bwana Shee, aliyekuwa akibeba mawe yetu kwa boti yake kwenda Lamu, alikuja na binti yake Rukia wakati wa likizo. Tulikuwa rika moja. Wanaume wakipakia, Rukia akashuka timboni kutafuta yale makombe ya baharini ya kale yaliyogandia ndani ya mwamba, akaingia mahali palipochimbwa chini, mwamba wa juu ukabaki umening'inia kama paa. Baba alikuwa kwenye kimya chake. Akasikia. Waliokuwapo wanasema walimwona tu akitupa sururu na kulikimbilia jiwe, wakati kila mwenye akili alikuwa akilikimbia. Akamsukuma Rukia kwa bega. Rukia alitoka na mchubuko wa goti. Mkono wa kushoto wa baba ukabaki chini ya jiwe, na aliporudi kutoka hospitali, mkono huo uliishia kwenye kiwiko.

Sasa hapa, wenzangu, naomba msinicheke. Wiki za kwanza nililia kama mtoto mwema. Baadaye nikaanza kuona wivu.

Wivu ulianzia kanisani. Mwinjilisti wetu alimsimamisha baba mbele, chini ya makuti, akasoma lile neno la mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Makofi, vigelegele, mama akalia ndani ya leso. Nami nikaona fahari, ila fahari yenyewe ilikuwa na mchanga ndani yake kama wali usiooshwa vizuri, maana kila aliyenishika mkono pale nje aliniuliza, "Na yule mtoto aliyeokolewa, hajambo?"

Kisha zikaja Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya swala, jamaa za Rukia walivuka na sufuria ya wali wa nazi, samaki wa kupaka na visheti. Mara ya kwanza walileta pia mkeka mpya uliosukwa Kipungani. Mamake Rukia, Bi Shamsa, akamwambia baba, "Tangu yeo huyu ni mwanao. Sisi twakulelea tu." Yalikuwa maneno ya shukrani, na watu wazima waliyapokea hivyo. Rukia aliyapokea yalivyo. Akatandika mkeka upande wa kushoto wa baba, upande wa kigutu, akaketi, akaanza kumwita Baba. Akamtolea miiba ya samaki. Akamfunga vifungo vya shati. Na baba, ambaye siku nyingine zote alikaa akiutazama ukuta, akacheka!

"Sogea, hapo pangu," nikamwambia.

"Pako ni kulia," akajibu, wala hakuinua uso. "Mkono wa huku ulikatwa kwa ajili yangu."

"Ni mkono wa baba yangu!"

"Basi ungekuwa pale wewe."

Nilisali Rukia apate chokea macho yote mawili. Ijumaa iliyofuata akaja kapakwa wanja, macho yanang'aa kama ya bibi harusi. Nikaona hapo Mungu ana upande wake. Nikauficha ule mkeka juu ya boriti za paa. Rukia akakaa sakafuni, kushoto vilevile.

Siku ya Ijumaa Kuu mwinjilisti alisema kwamba ukitaka kujua unavyopendwa, tazama jeraha la aliyekupenda. Nikageuka nikatazama jeraha la baba. Lilikuwa la Rukia. Nikatafuta langu, walau kovu dogo, sikuliona. Ndipo nikakata shauri kwamba na mimi niokolewe.

Jumatatu nikaenda kwenye timbo kuukuu nyuma ya nyumba yetu, nikajibanza chini ya mwamba ulioning'inia, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Baba! Jiwe! Jiwe laniangukia!"

Alikuja. Nilisikia kandambili zake, nikasikia kishindo, kisha kandambili tena. Hakuuliza kitu. Aliingia chini ya mwamba akanifunika mwili mzima, kidevu chake kichwani pangu, akinuka jasho na dawa ya kidonda. Moyo wake ulinigonga mgongoni bila mapumziko. Tukangoja. Baadaye akanyoosha mkono wake mmoja, akagonga mwamba kwa vifundo vya vidole. Ko, ko. Akanyamaza.

"Jiwe hili ni zima," akasema. "Halina habari ya kuanguka."

Nikauficha uso magotini.

"Yunia?"

"Nilitaka uniokoe na mimi."

Nilingoja kofi. Baba akakaa mavumbini, na hapo ndipo nikaona bendeji yake imekuwa nyekundu. Kile kishindo kilikuwa chake. Alijikwaa njiani akataka kujizuia kwa mkono ambao haupo.

"Kwani Rukia ulimpendea nini?" nikamuuliza, huku nalia.

Akanitazama kama niliyeuliza kwa lugha ya kigeni. "Rukia? Siku ile sikuuliza ni mtoto wa nani. Ningeuliza, jiwe lingekuwa limefika."

Jibu hilo halikunifurahisha hata kidogo. Nilitaka aseme kwamba kwangu mimi angetoa mikono yote miwili. Badala yake akaniegemea, tukarudi nyumbani, akamwambia mama ameteleza akienda chooni. Mama alimgombeza wiki nzima: "Mtu mzima hutazami unapokanyaga!" Baba akaitikia tu, "Kweli, mama Yunia, kweli." Kidonda kikachelewa kupona. Hakuna aliyesimamishwa kanisani. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikuweza kumwonyesha mtu.

Rukia sasa ana watoto wake, na hadi leo anamwita Baba. Mimi imenichukua miaka kulielewa jibu lile. Kama baba angekuwa wa kuuliza kwanza ni mtoto wa nani, ningeishi nikijiuliza kama nilistahili. Yeye alikimbia tu, mara ya kwanza kwa mtoto wa mwenzake, mara ya pili kwa uongo wangu. Wakristo wa Maweni wanalo tendo moja la baba la kusimulia. Mimi ninayo mawili, na nikiutazama msalaba, lile la pili ndilo linalonijia.

Lakini hayo ni ya ukubwani. Wakati ule sikuelewa kitu, nilikuwa na aibu tu. Ijumaa ilipofika, mama akiwa kwenye boti ya maji na baba amelala, nilipanda juu ya mtungi nikaushusha ule mkeka kutoka boritini. Nikaukung'uta nje, nikaupangusa utando wa buibui. Kisha nikautandika kushoto kwa kiti cha baba, nikaunyoosha pembe zote kwa viganja, nikatoka kabla boti ya Bwana Shee haijafika.