Nondo Karakanani

Mwaka ule serikali ililipia vijana mafunzo ya miezi mitatu ya kuchomelea vyuma, ada pamoja na chakula cha mchana, kwenye chuo kimoja cha ufundi Kibaha. Mimi nilitoka Kibuta, kwa wakulima wa mihogo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na mtoto mmoja niliyemwacha kwa mama.

Mashine hazikututosha, tukapangwa wawili wawili. Mwenzangu alikuwa kijana mrefu, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wakaweka boma si mbali na shamba letu. Siku tuliyoambiana tunakotoka, sote wawili tulijua ugomvi wa mihogo na ng'ombe. Kisha akanipa miwani yake, kwa sababu yangu ilikuwa imepasuka, tukaanza kazi.

Mimi nilikuwa natoboa bati kwa haraka yangu, yeye anaunganisha kama anayeshona.

"Usikimbilie, dada," aliniambia. "Subiri chuma kiwe kama uji, ndiyo usogee."

Wiki ya saba nilichomelea fremu ya dirisha bila kusaidiwa.

Jumanne moja, kabla ya chai, simu yangu ikaita. Mama alikuwa analia, maneno hayatoki vizuri. Ng'ombe wameingia kwenye mihogo. Kaka yangu ametoka kuwafukuza, amekatwa panga mkononi, mfupa unaonekana. Wamempakia kwenye bodaboda kumpeleka hospitali Kisarawe.

"Nani kamkata?"

"Watu wa boma lile."

Sikukata simu. Niliiweka mezani mama akiwa bado anaongea, nikaokota kipande cha nondo. Mwenzangu alikuwa amechuchumaa, amejifunika kofia ya kuchomelea, haoni kitu zaidi ya moto wa kazi yake. Nilimpiga begani. Nikasikia mfupa wa mtulinga ukivunjika, sauti ndogo tu. Akaanguka kwa ubavu. Nikampiga mgongoni, nikarudia, mpaka mwalimu na wanafunzi wawili waliponikamata, na mmoja wao nilimng'ata hadi nikaonja damu yake. Nakumbuka niliona raha. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Aliivua kofia kwa mkono mmoja. "Nimekufanya nini?" akauliza. Hakupiga kelele.

Ofisini nilimwamkia mkuu wa chuo, mama wa makamo. Hakuitikia. Alitandaza mezani fomu tuliyosaini wote: anayepigana anapoteza ufadhili.

"Mlipigana?" alimwuliza mwenzangu, ambaye mkono wake ulikuwa umening'inizwa kwa kanga ya mpishi.

"Mimi sikupigana, mama. Amenipiga."

Ilikuwa kweli. Nilifutwa siku hiyo hiyo, polisi wakanichukua. Nililala mahabusu siku mbili. Wazee wa pande zote mbili wakakaa kijijini wakaamua mkono wa kaka uende na bega la kijana yule, kila upande uache kesi yake. Mimi na yeye hatukuulizwa.

Nilipotoka nilikwenda hospitali. Kaka alikuwa ameshonwa kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, vidole havikunjiki.

"Nilianza mimi," akaniambia, akiangalia ukuta. "Nilimkata ng'ombe wao mguu wa nyuma. Alikuwa anajiburuta na analia. Ndipo wakanijia."

Nilikaa kwenye kitanda chake, nikamvuta shuka hadi kifuani.

Baadaye nikasikia kwamba mwenzangu naye hakumaliza. Kwa mkono mmoja asingeweza kushika kazi, na mafunzo hayakumsubiri. Nafasi zetu mbili walipewa wengine.

Sehemu iliyobaki nilijifunzia mtaani, nikiwa msaidizi wa fundi wa mageti Zegereni, na bado nipo kwake. Mwaka jana mwenzangu alishuka kwenye pikipiki ya mizigo mbele ya karakana yetu, amekuja na birika la chuma la kunyweshea ng'ombe, linavuja. Bega lake moja limeshuka.

"Karibu, kaka," nikasema.

Aliangalia ndani ya karakana, nyuma yangu. "Fundi mwingine yupo?"

Nikamwita bosi wangu. Mwenzangu akaenda kusimama upande wa pili wa barabara, juani, mpaka kazi ilipokwisha. Nilitaka kuvuka nikamwambie kwamba kaka yangu ndiye aliyeanza. Niliendelea kusugua kutu kwenye geti la mtu, naye akapakia birika lake akaondoka.