Pamba ya Khamis

Juzi, kwenye kituo cha afya, muuguzi alimtoboa mjukuu wangu kidole, na ile harufu ya spiriti ikanirudisha Chwaka, uwanjani kwa bibi, mchana ule walipokuja mabwana wa afya kutoka mjini kuichunguza homa yetu.

Walitupanga watoto kivulini, wakatutoboa vidole, wakapakaza damu kwenye vipande vya kioo, kisha wakatufuta vidole kwa pamba. Mdogo wangu Khamis, aliyekuwa akitetemeka kwa homa, hata kulia hakuweza.

"Huyu damu yake haba," bwana mmoja akamwambia bibi.

Bibi akanyoosha mkono. "Basi nipe hiyo pamba, baba. Damu ya mjukuu wangu haitupwi."

Akaifukia chini ya mnazi, pale kilipozikwa kitovu cha Khamis. Mimi nikadhani ameipanda ili damu iote, na kila alasiri nikapamwagilia maji. Mabwana wakarudi na vidonge vichungu. Khamis akapona, akaanza tena kunipokonya vitumbua. Nikajisifu moyoni.

Leo najua ni vile vidonge. Hata hivyo pamba ya juzi nilimuomba muuguzi, nikaifukia uani. Alasiri mjukuu wangu akanikuta nimeinama na kata ya maji.

"Bibi, umepanda nini hapo?"