Nakala ya Nairobi

Modemu ya shangazi ililia mara moja tu, mlio mfupi kama kijiko kikigonga sufuria tupu. Wiki iliyopita modemu yangu ililia vivyo hivyo, nikaiweka chai chini.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kwa shangazi yangu mwalimu, kule kijijini Mghange. Kompyuta yake ilitumia programu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzinakili. Nakala za programu hizo zilikuwa kwenye seva nyingi duniani, kompyuta kubwa za kuhifadhia. Kampuni yetu ya mtandao haikuhesabu tulichopakua kutoka seva ya Nairobi; kwingineko kulikuwa na kikomo cha mwezi, na ukikifikia, mtandao ulikuwa kama umekatwa. Shangazi alibandika karatasi ukutani: NAIROBI PEKEE.

Nami nilitafakari mno. Shuleni, kunakili kulikuwa kudanganya. Kwa nini basi tuchukue nakala, na chanzo chenyewe kipo ng'ambo? Asubuhi moja nikaiondoa anwani ya seva ya Nairobi, nikaweka ile ya ng'ambo, nikaanza kusasisha kila kitu, nikaenda kuchuma maharagwe nikijiona mwadilifu.

Mlio wa kuashiria kikomo kimefikiwa ulikuja saa nane mchana. Binamu yangu Wakesho, binti wa shangazi, alikuwa akituma maombi ya chuo cha ufundi wa kompyuta, na dirisha la maombi lingefungwa saa kumi na moja jioni hiyo. Ukurasa ulibaki mweupe. Mvua ilikuwa imeifunga barabara ya kuteremkia mji wa Voi, kwenye mtandao mwingine.

"Umetazama video tena, Wakesho?"

"Si mimi, mama. Haki ya Mungu."

"Basi bando limeliwa na panya?"

Wakesho alinitazama, akitumaini ningemtetea. Nilihesabu maharagwe kwenye ungo. Nilirudisha anwani ya Nairobi kabla ya chajio. Wakesho hakuruhusiwa kuigusa kompyuta tena, na mwaka uliofuata alipelekwa kujifunza ushonaji.

Leo, katika masomo yangu ya uzamili, ninalinganisha nakala za seva kama ile ya Nairobi na asili yake, herufi kwa herufi. Sijakuta tofauti hata moja. Kosa la mtoto aliyeogopa nakala naweza kulisamehe. Ule ukimya juu ya ungo, siwezi.

Jana nilimpigia Wakesho simu.

"Haya, daktari wa kompyuta!" alicheka, cherehani ikivuma nyuma yake. "Leo umetukumbuka sisi wa Voi?"

"Wakesho, lile bando la Mghange. Ni mimi niliyelimaliza."

Cherehani ikanyamaza.