Kamba ya Kulia

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hadi leo naikumbuka kwa masikio kwanza: maji yakipiga tumbo la mashua la plastiki lililo tupu ndani, na sauti ya dada yangu Mariamu ikiniuliza swali moja tu. Naiandika habari hii kwa sababu wiki iliyopita nilipita kando ya Ziwa Singidani nikawakuta mmeshusha mashua mpya ya starehe, na nikamsikia mmoja wenu akiwaeleza wageni kwamba zamani jini wa ziwa hilo aliipindua mashua ya aina hiyo hiyo. Nimestaafu utumishi, lakini uongo bado unanikera. Jini huyo hakuwepo. Aliyekuwepo ni karani mmoja wa serikali na kalamu yake, na karani huyo ni mimi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye uwezo akaagiza alichokitamani. Bwana Salumu, mwenye nyumba ya wageni pale mjini, alitamani mashua. Huko Dar es Salaam alionyeshwa mbili zilizotumika, za aina inayoitwa katamarani: matumbo mawili membamba kama mitumbwi pacha, yameunganishwa kwa vyuma, na katikati limekazwa turubai la kukalia. Moja ilikuwa nyepesi, ya watu wawili. Nyingine nzito, ya watu wanne. Alinipigia simu ofisini kuniomba ushauri, kwa kuwa nilisifika kwa kusoma Kiingereza. Nilimwambia achukue kubwa, ndiyo yenye heshima. Sikuuliza ni watu wa uzito gani watakaoiinua siku itakapoanguka. Lori lililoileta lilipopumzika njiani, pale Mkiwa, wachuuzi waliyazunguka yale matumbo mawili wakamuuliza dereva yale majeneza marefu hivyo ni ya nani. Tuliposimuliwa, tulicheka sana.

Mashua ilikuja na kitabu cha maelekezo, nikakabidhiwa nikitafsiri. Niliifanya kazi hiyo kwa fahari, nikaipiga chapa bila kosa hata moja la herufi. Katika ukurasa wa kamba palitajwa kamba moja ya lazima, ambayo kazi yake ni kukisimamisha chombo kikipinduka. Lakini neno lile la kusimamisha, kwa Kiingereza righting, limefanana mno na right, neno la mkono wa kulia. Nami sikusoma ukurasa uliofuata wenye michoro. Niliandika: "Kamba ya kulia ifungwe imara kabla ya safari." Kwa hiyo kamba ile, ambayo ilipaswa kufungwa kwenye kitako cha mlingoti ili ifike pande zote mbili, ikafungwa kwa urefu wote wa tumbo la kulia, ncha hii na ncha ile, ikapendeza kama pambo.

Rajabu, mpwa wa Bwana Salumu, aliyewahi kuendesha ngalawa kwa wajomba zake Tanga na ndiye aliyechaguliwa kuwa nahodha, alisoma karatasi yangu akacheka. "Karani, hii ya kulia nimeiona. Ya kucheka utatuletea lini?"

Aliyeiunganisha mashua alikuwa Mzee Kitundu, fundi wa mitumbwi kutoka Kitangiri. Hakujua kusoma Kiingereza, lakini aliishika kila kamba akaivuta, na alipofika kwenye ile ya kulia akasita.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Kamba hii kazi yake nini?"

"Hiyo ni kamba ya kulia, mzee."

"Naona iko kulia. Nauliza kazi yake." Nilimwonyesha karatasi yangu. Akaongeza, "Chombo kikilalia ubavu huu, yenyewe itakuwa wapi?"

Mwanangu, jibu nililompa bado linanichoma. Nilimwambia kwamba kitabu kile kimeandikwa na waliokitengeneza chombo, na kwamba yeye amezoea magogo. Mzee hakukasirika. Alisema tu, "Haya. Basi tuiangushe hapa hapa penye maji ya kiunoni, tuone inavyoinuka."

Bwana Salumu akaruka. "Kuiangusha kabla haijazinduliwa? Mzee, unaniletea nuksi gani?"

Nami nilikuwa na fomu ya ukaguzi ya ofisi yetu mkononi, yenye mstari uliouliza kama chombo kimejaribiwa majini na kina vifaa vyote. Niliandika "Ndiyo", nikatia sahihi. Hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha.

Asubuhi ya Jumamosi tukaenda kwa safari ya kwanza. Nilimchukua Mariamu, muuguzi, dada yangu aliyenitangulia kuzaliwa, ambaye hakujua kuogelea, kama nisivyojua mimi. Mama alitusindikiza hadi mlangoni akaniambia, "Umrudishe dada yako kama ulivyomchukua." Maboya ya kuvaa yalikuwa mawili. Nilimvisha Mariamu moja, nikalifunga harakaharaka, na la pili nikalivaa mwenyewe, kwa kuwa Rajabu alisema yeye ni samaki. Mzee Kitundu alikataa kupanda. Aliingia kwenye mtumbwi wake akakaa karibu na ufuo, na miguuni pake palikuwa na kamba ya katani iliyokunjwa. Nilidhani amenuna.

Unaujua upepo wetu wa Singida. Ukiwa nyuma ya majabali huusikii. Ukiyapita, unakupiga kifuani. Rajabu alikuwa amenipa kamba ya tanga niishike, nami nilikuwa nimeizungusha mkononi mara mbili ili nisichoke. Tulipotoka kwenye kivuli cha mawe, tumbo la kushoto likainuka juu ya maji.

"Achia! Achia kamba!" Rajabu alipiga kelele.

Nilitaka kuachia. Kamba ilikuwa imenibana vidole. Mashua ikapanda, ikapanda, turubai likasimama kama ukuta, tukaanguka upande wa kulia.

Maji ya Singidani ni ya magadi, yanawasha macho kama pilipili. Nilipoibuka, kamba ikiwa imeniachia vidole, niliona tumbo la kushoto likining'inia juu ya kichwa changu, na Rajabu akipapasa huku na huku. "Kamba iko wapi, karani? Kamba!" Mariamu alikuwa ng'ambo, upande wa tanga, ameshikilia waya wa mlingoti. Boya nililomfunga vibaya lilikuwa limempanda hadi masikioni. Mlingoti ulikuwa unaingia maji, ukizama taratibu, na waya ulikuwa unazama na mikono yake.

"Mdogo wangu," aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza njia, "ile kamba uliyoiandika, iko wapi?"

Ilikuwa chini. Ilikuwa imefungwa imara, kama nilivyoagiza, kwenye tumbo lililozama.

Sijui kuieleza hofu ile. Nilimwona dada yangu akizama hadi kidevuni, kisha hadi mdomoni, na mimi nina boya lililofungwa vizuri, na siwezi kusogea hatua moja. Rajabu aliogelea kumfuata, lakini tanga lililotapakaa majini likamnasa miguu. Kama mlingoti ungeendelea kwenda chini, mashua ingegeuka kabisa na kumfunika. Niliwaza mlango wa nyumbani, na mama amesimama pale.

Kisha nikasikia kasia. Mzee Kitundu hakuniangalia. Alizunguka upande wa tanga, akamshika Mariamu kwapani, akamvuta ndani ya mtumbwi wake kama anavyovutwa ndama shimoni. Ndipo akamnasua Rajabu, akaigeuza pua ya mashua kuelekea upepo, akafunga kamba yake kwenye kitako cha mlingoti, na kuirusha juu ya lile tumbo lililokuwa hewani ikaja kuangukia upande wetu.

"Simameni juu ya tumbo la chini. Egemeeni nyuma, uzito wote."

Tuliegemea wawili, haikutikisika. Ilikuwa kubwa, yenye heshima. Mzee akamwachia Mariamu mtumbwi, akapanda, akawa wa tatu. Upepo ukapenya chini ya tanga, nayo ikasimama kwa kishindo.

Ufuoni Rajabu alijaribu kutania. "Karani, leo ndiyo nimeielewa kamba yako ya kulia." Hakuna aliyecheka, hata yeye. Mzee Kitundu alikunja kamba yake polepole, kisha akaniambia maneno machache tu: "Nilikuuliza kazi yake, ukanipa jina lake."

Nyumbani mama aliuliza kama nimemrudisha. Mariamu, macho mekundu, akajibu kabla yangu: "Amenirudisha mzee wa Kitangiri."

Nilipoketi kuandika taarifa, nilianza na upepo mkali usiotarajiwa. Mariamu alisoma nyuma ya bega langu. "Upepo ndio uliotafsiri kitabu?" Nilichana karatasi, nikaandika yote kama nilivyokusimulia. Taarifa ile ikaingia kwenye faili, na faili kabatini. Bwana Salumu alipendelea habari ya jini, maana jini haulizwi maswali. Ikaenea mjini, nami nikanyamaza miaka yote hii. Hilo ndilo kosa langu la pili, na leo nalisahihisha.

Basi sikiliza, mwanangu. Chagua mashua ambayo wewe na mwenzako mnaweza kuiinua kwa uzito wenu wenyewe, hata kama majirani wataiona ndogo. Kamba ya kuisimamisha ifungwe kwenye kitako cha mlingoti, na uijaribu kwa pande zote mbili. Kamba ya tanga usiizungushe mkononi, kamwe. Boya mfunge mwenzako kabla ya kujifunga, na ulivute uone kama linapanda. Kabla hujampakia mtoto wa mtu, iangushe mashua kwa makusudi penye maji ya kiunoni, uisimamishe, uiangushe tena; atakayesema ni nuksi, mwache ufuoni. Neno usilolielewa uliza kazi yake, hata kwa mtu asiyesoma lugha ya neno hilo. Na mahali pa sahihi pakikuuliza kama umeona, na hujaona, andika hujaona.

Mungu akupe upepo unaoumudu na watu wanaokusubiri mlangoni. Na siku chombo kitakapokulalia, maana kitakulalia, mkono wako uikute kamba mahali pake.