Douze ya Papa

Papa hakuwahi kusema "bunduki". Alisema "douze yangu", yaani kumi na mbili yangu, na wageni wakakaa vizuri kwenye viti. Aliipata ujanani, kazini Yangambi, ya kufukuzia ndege kwenye mpunga wa majaribio. Alipostaafu alirudi nayo Kisangani pamoja na kibali chake: bunduki ya kuwinda, calibre 12. Mimi sikuwahi kuigusa. Kwetu mwanamke akishika bunduki ya mwindaji, mawindo hukimbia, ndivyo tulivyoambiwa. Nilichofanya ni kuishonea mfuko wa turubai, kwa kipimo cha kamba alizoipimia papa mwenyewe akaniletea.

Papa alipofariki, mdogo wangu wa kiume aliipeleka ofisi ya polisi ili kibali kiandikwe kwa jina lake. Hakurudi. Kesho yake nilimkuta amezuiliwa. Afisa alichukua risasi nene nyekundu, akaisukuma kwenye mtutu mbele yangu. Haikuingia hata ncha.

"Mama, karatasi inasema calibre douze. Hii haiko douze. Donc fusil ya papa yenu iko wapi?"

Siku hizi bunduki isiyojulikana iliko si jambo la mchezo. Na hapo ndipo nilipokosea. Ninapoandika haya uso bado unaniwaka. Mdogo wangu aliwahi kuuza baiskeli ya papa, akaapa imeibiwa. Nami hasira zangu ziko karibu. Nilimgeukia mbele ya watu wote.

"Uliipeleka wapi? Ile siku uliuzisha velo ya papa ulilia hivi hivi!"

"Yaya, dada yangu, miye sikuuzisha kitu. Papa aliniachia hii."

"Sema kweli, utuokoe!"

Afisa alikuwa anaandika. Nilimwona.

Siku mbili nilimpelekea lituma, ndizi za kuponda, na samaki, sahani ikarudi nusu. Siku ya tatu wakaniambia kesho anapelekwa parquet, kwa mwendesha mashtaka, na kutoka huko watu hawarudi upesi. Nilikaa kwenye cherehani. Nilimwomba Mungu, nikamgombeza pia. Kisha nikakumbuka vyungu vyetu vya utotoni: njiwa, kanga, njiwa tena. Papa na douze yake hakuwahi kutuletea nguruwe mwitu hata mmoja. Niliacha sketi ya mtu chini ya sindano, nikatoka utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

Niliomba hadi wakanionyesha bunduki. Ilikuwa nyepesi mno. Mimi na afisa tuliikunja katikati, na pale risasi inapoingilia kulikuwa na mafuta meusi yaliyokauka. Nilichomoa pini kwenye blauzi yangu nikakwangua. Ikatokea 1, ikatokea 2.

"Unaona? Douze," akasema afisa.

Niliendelea kukwangua. Pembeni zikatokea m mbili ndogo, na mstari katikati yake. Nikaweka utepe kwenye tundu. Mistari kumi na miwili.

"Chef, hii ni millimètres. Douze millimètres, nyembamba kuliko calibre douze! Mwenye kuandika karatasi zamani aliacha m zake."

Aliinama, akapima mwenyewe mara mbili.

"Bon. Mama iko na haki."

Nililia, nikacheka, nikamshukuru Mungu kwa sauti hadi waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Ndipo afisa akavuta karatasi nyingine kwenye jalada. Mdogo wangu alikuwa amesaini asubuhi ile ile: ameuza bunduki ya papa kwa mtu wa barabara ya Banalia, jina halikumbuki.

"Lakini fusil ni hii hapa, chef! Aliuzisha gani?"

"Mutu hasaini bure, mama. Parquet ndiyo itajua."

Waliniruhusu nimwone kwenye nondo. Nilimweleza mambo ya milimita mbio mbio, nikamuuliza kwa nini amekubali asichokifanya. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Yaya, ni weye ulisema. Walinisomea maneno yako. Nikawaza, kama yaya wangu hanisadiki, nani atanisadiki?"



Asubuhi walimpakia garini. Bunduki ilipanda pamoja naye, ndani ya mfuko wangu wa turubai, ule ule aliokuja nao siku ya kwanza. Uliitosha barabara, tangu kitako hadi kwenye mdomo wake mwembamba, kama nilivyoukata, na siku ile ya kwanza, ulipoweza kunionyesha kuwa bunduki ni ile ile ya papa, sikuutazama.