Nicanor na Shaba ya Bure

Nicanor Ogola wa Kawangware alikuwa mtu wa kushuku. Ukimpa chai, huuliza kwanza nani ameikataa. Basi mwaka wa tisini na sita baiskeli yake, Black Mamba ya kubebea mikate, ilikatika fremu chini ya usukani. Waithaka, tajiri wake, akamwambia asipofikisha mikate Gatina kesho, kazi atapewa mwingine. Watu wakamwelekeza Kibera kwa Mzee Abdelrahim, karani mstaafu aliyeunga vyuma nyuma ya nyumba yake kwa kujifurahisha tu.

Mzee alikwangua kutu, akanyunyiza unga mweupe, akawasha gesi, akashika ufito wa shaba ya njano. Chuma hakikuyeyuka. Kiliiva tu kikawa chekundu, kisha shaba ikayeyuka, ikanywea ufani kama samli kwenye chapati moto.

"Pesa ngapi, mzee?"

"Hakuna. Mimi hii ni raha yangu."

Nicanor akaingiwa na baridi. Nairobi hii, bure? Mafundi wa Laini Saba, hapo hapo Kibera, huunga chuma kwa chuma, tena kwa stima, na hutoza. Huyu kaipaka rangi ya njano tu! Kikulacho ki nguoni mwako, alijikumbusha. Alipofika nyumbani akatoa tupa yake mpya, akaanza kuukwangua muungo ili aone chuma kilipokutana na chuma. Akakuta njano. Akazidi. Njano. Alikwangua mpaka Adhis, mkewe, akamuuliza kama anasaga mahindi.

Asubuhi, penye mteremko wa Kongo, njiani kwenda Gatina, fremu iliachia na mikate ikalala matopeni. Waithaka alifoka, akampa siku moja ya mwisho.

Alirudi Kibera amefura, matusi yakiwa mdomoni. Mzee akapitisha kidole kwenye mikwaruzo.

"Nani alipiga tupa hapa?"

"Ni mimi. Nilikuwa natafuta chuma."

"Hapo hakuna chuma, kijana yangu. Hiyo shaba ndiyo ilikuwa inashika, na wewe umeimaliza."

Nicanor aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mzee aliunga upya, polepole, akauacha muungo umevimba.

"Leo nakutoza," akasema. "Lete hiyo tupa."

Nicanor aliichomoa mfukoni, akamkabidhi. Kesho yake alishuka mteremko wa Kongo na mikate imejaa nyuma, na hakuinama kuutazama muungo hata mara moja. Alikuwa ameulipia.